Stendi Aliyoijenga Orville

Stendi ya zamani ilianza kuvimba upande wa nyuma, pale ambapo maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka kidogo kidogo kutoka kwenye bomba bila mtu kuona. Ilikuwa ya maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi ya rangi ya mti, na maranda yakishakunywa maji hugeuka uji. Lenore Haugen aligundua siku alipoingiza mkono nyuma ya kabati kutafuta plagi, vidole vyake vikazama ndani ya ubao kama vinavyozama kwenye mkate uliolowa.

Juu ya ubao huo lilikaa tangi la vioo lenye urefu wa mtu mzima aliyelala. Ndani yake mlikuwa na miamba, mchanga, na matumbawe aliyoyakuza tangu alipostaafu kuendesha basi la shule. Mengi aliyapata yakiwa vipande vya ukubwa wa ukucha. Lile la kijani la katikati, lenye matawi kama pembe za kulungu, sasa lilikuwa pana kama sahani ya chakula. Kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba, kaa wadogo wanaojificha ndani ya makombe ya konokono, na samaki mmoja mkubwa wa manjano ambaye Orville, mumewe, alimwita Askofu kwa jinsi alivyopita mbele ya wenzake akiwatazama kwa upande.

Mtaani kwetu, kwenye mlima wa mji wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, watoto walikuwa wakibisha mlango wa Haugen wakati wa theluji kuomba waione bahari. Lenore aliwaruhusu wavue viatu na kuingia. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini akianza kueleza jinsi tumbawe linavyonyoosha mikono kula, uso wake ulifunguka. Kila kitu kingine ndani ya nyumba ile, ngazi, makabati, meza ya kulia, hata fremu za madirisha, kilitoka mikononi mwa Orville. Tangi pekee ndilo lililokuwa la Lenore.

Orville alikuwa seremala wa kazi za ndani, na mji mzima ulilijua hilo. Ukishika kishikio cha ngazi ya nyumba ya zamani hapa ukakuta kinateleza bila kukwaruza kiganja, huenda ni kazi yake. Lakini mwezi wa nne mwaka ule daktari alikuwa amewatajia jina la ugonjwa wake, ule wa kusahau unaomega ubongo polepole. Binti yao, Kirsten, alikuja kutoka Minneapolis, akachukua funguo za gari la baba yake na kurudi nazo. Tangu siku hiyo Orville alikuwa akikaa kwenye kiti chake dirishani, akitazama meli za chuma zikiingia bandarini, na hakuomba kufanya kitu chochote.

Lenore alimpigia simu Duane Pelkey, mwenzake katika chama cha wafugaji wa matumbawe. Duane alikuja na tochi, akalala chali sakafuni, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, kisha akatoka akijipangusa mikono.

"Hii imekufa, Lenore. Usiifanyie hata maombi. Agiza ya chuma, ikifika tunahamisha."

"Ya chuma ya nini?" Orville aliuliza kutoka kwenye kiti chake. Wote wawili walidhani alikuwa amesinzia.

"Stendi ya tangi, Orville."

"Mwanamke kaolewa na seremala maisha yake yote, halafu anunue stendi ya chuma. Watu wa kanisani wakisikia si watanizika nikiwa hai."

Duane alicheka. Lenore hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe akiinuka kwenye kiti bila kusaidiwa, akienda hadi kwenye tangi, akiweka kiganja juu ya ukingo wake kama mtu anayempima farasi.

"Utaweza?" alimuuliza, na papo hapo akatamani angelimeza swali lile.

"Lenore. Nimetengeneza madhabahu mbili mimi. Hiki ni kibao cha kuwekea samaki."

Basi kazi ikaanza. Kanisa dogo la juu mlimani lilipofungwa kwa kukosa watu, Orville alikuwa ameyanunua mabenchi aliyoyatengeneza mwenyewe ujanani, na mbao zake za mwaloni zilikuwa bado zimelazwa juu ya boriti za gereji. Alizishusha moja moja akizipuliza vumbi. Alichora umbo la stendi juu ya kipande cha boksi kwa penseli nene ya useremala, na mchoro ule ulikuwa safi, wenye mistari iliyonyooka, kama wa zamani.

Kirsten alipiga simu kila jioni. "Mama, usimwachie msumeno wa umeme. Tafadhali."

"Simwachii. Nakaa naye."

Na kweli alikaa naye. Alichukua ndoo ya rangi iliyokwisha, akaigeuza kiti karibu na soketi, na kila Orville alipomaliza kukata, yeye aliichomoa plagi ya msumeno kimyakimya. Hita ya gesi iliunguruma, kahawa ilikaa kwenye chupa, na Orville aliongea kuliko alivyowahi kuongea tangu majira ya machipuko. Alimweleza kwa nini stendi nyingi za dukani huanguka.

"Watu wanategemea skrubu," alimwambia, akishika kipande cha mbao wima na kulaza kingine juu yake. "Tazama. Uzito ukae juu ya mbao, mbao ikae juu ya sakafu. Skrubu kazi yake ni kushika tu vitu visitoroke. Ukiibebesha mzigo, siku moja itakukatikia. Mguu lazima uingie chini ya fremu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana fundi."

"Usiniite bwana fundi. Leta kahawa."

Siku zile zilikuwa nzuri. Baadaye Lenore alisema kwamba kama zingebaki hivyo asingekuwa na la kusimulia.

Hazikubaki. Orville alianza kuuliza urefu wa tangi, akajibiwa, akaandika, kisha akauliza tena kabla penseli haijatulia. Futi yake ya kupimia ilipatikana ndani ya friji, kando ya siagi. Aliukata mguu wa kona ya nyuma mfupi mno, akacheka, akakata mwingine, nao ukawa mfupi vilevile. Safari hii hakucheka. Asubuhi moja alimwita Lenore kwa jina la Solveig, dada yake aliyekufa zamani, na kumwambia aondoke gerejini kabla baba yao hajarudi.

Mguu wa tatu alioukatia kona ile ulikuwa mrefu kupita kiasi. Hakuukata tena. Aliusimamisha kando ya fremu, nje, akaufunga kwa skrubu mbili na kwenda kunawa mikono. Kwa mbali stendi ilionekana kamili. Lakini Lenore alikuwa amekaa kwenye ndoo ile wiki kadhaa akifundishwa, na alipoinama aliona: miguu mitatu iliingia chini ya fremu kama Orville alivyoeleza mwenyewe, na wa nne ulisimama pembeni, kona nzima ikining'inia kwa vyuma viwili vyembamba.

"Orville," Lenore alisema mumewe aliporudi, "huu mguu mbona uko nje?"

Aliuangalia mguu. Aliuangalia muda mrefu, na Lenore akaona usoni mwake kitu ambacho hakukitaka kukiona tena. Macho yalikuwa yakitafuta jibu, yakizunguka kutoka mguu hadi fremu hadi mguu, kama mtu aliyeingia chumba chenye giza akipapasa ukuta kutafuta swichi.

"Unanifundisha kazi?" alisema mwishowe.

"Nauliza tu."

"Ulikuwa dereva wa basi, Lenore. Mimi niliwahi kukufundisha kuendesha basi?"

Alitoka, akaubamiza mlango. Lenore alipomfuata alimkuta jikoni amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka, mikono yake mikavu. Bila kugeuka alisema kwa sauti ya chini, "Nikishindwa hii, sina kingine. Unajua hivyo." Lenore alifunga bomba. Hakulitaja tena suala la mguu mbele yake.

Lakini alimweleza Duane, na Duane akaja kuikagua stendi, Orville akiwa amelala baada ya chakula cha mchana. Aliizunguka stendi mara mbili. Aliusukuma ukingo wa juu kwa nyonga, nao ukapinda kidogo na kutoa mlio.

"Mbao ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona chini ya tangi," alisema. "Na itaanguka. Siwezi kukuambia lini. Labda wiki ijayo, labda baada ya mwaka. Fremu yenyewe imejipinda, pembe hazikutani. Lakini nipe asubuhi moja. Nitaingiza mguu mwingine chini, nitafunga kwa gundi. Hatajua."

Wakapanga. Kirsten alikuja Jumamosi, akamchukua baba yake kwenda kunyolewa na kula samaki wa kukaanga mkahawani. Duane aliingia na vifaa vyake. Alikuwa amekwisha kuingiza kipande cha mwaloni chini ya kona na kukifunga, anapangusa gundi iliyotokeza, mlango wa gereji ulipofunguka. Orville alikuwa amekataa kuketi mkahawani. Alisema ana kazi haijakamilika nyumbani. Nyuma yake Kirsten alisimama, mikono imelegea.

Orville hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Duane," alisema, "toka kwenye kazi yangu."

"Orville, nilikuwa nasaidia kidogo tu..."

"Nani alikuita?"

Duane alimtazama Lenore, na kutazama huko kukajibu swali. Orville akaichukua nyundo ya mbao kutoka ukutani. Kirsten alipiga hatua mbele. Lakini mzee alipiga magoti, akakigonga kile kipande mpaka kikachomoka, gundi ikiwa bado mbichi, akakitupa kwenye boksi la kuni. Kisha akapangusa pale kilipokuwa kwa kitambaa, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

Jioni ile Kirsten alisimama kwenye varanda akiwa amevaa koti tayari kwa safari. "Mama, nunua ya chuma. Mwambie ukweli. Atakasirika siku mbili, siku ya tatu atakuwa amesahau."

"Hatasahau," Lenore alisema. "Atasahau sababu. Ile hasira itabaki."

"Basi uza tangi. Mbona ni samaki tu."

Kirsten hakuwa na nia mbaya. Lakini mama yake aliingia ndani bila kumuaga, akakaa mbele ya lile tangi lililoinama upande mmoja juu ya stendi ya zamani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne akamchukia mumewe. Alichukia ugonjwa, ndiyo, lakini alimchukia na yeye pia, mikono yake na kiburi chake. Miaka yote aliishi ndani ya nyumba iliyokuwa ya mtu mwingine hadi kwenye bawaba. Alipata kitu kimoja. Na sasa alitakiwa kukiweka juu ya mguu ule.

Alikaa na fikra hizo wiki nzima. Asubuhi alimwona Orville akipaka stendi vanishi ya kuzuia maji, tabaka moja baada ya jingine, akisugua kwa msasa mwembamba katikati, akipiga mluzi. Hakuwa amepiga mluzi tangu siku ya daktari. Mwisho wa wiki Lenore alichukua koleo la kukatia na ndoo zenye vifuniko, akakata tawi moja la kijani, na vipande vya matumbawe mengine machache yaliyokatika kwa urahisi, akampelekea Duane.

"Unaniwekea hivi," alimwambia.

Duane alizitazama ndoo. "Na yaliyobaki?"

"Yanapanda kwenye stendi ya Orville."

"Lenore, hizo ni lita mia nne na zaidi za maji ya chumvi na umeme chini yake."

"Ndiyo maana nataka uje ufunge swichi inayojizima yenyewe maji yakigusa waya. Hiyo utaifunga?"

Duane alizichukua ndoo. "Hiyo nitaifunga," alisema.

Tangi lilihamishwa Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa Novemba. Walikuja wanaume wanne wa kanisani, maji yakavutwa kwenye mapipa, samaki wakawekwa kwenye ndoo zenye hita, stendi ya zamani ikatolewa nje vipande vipande. Stendi ya Orville iliingia sebuleni. Ilikuwa nzuri. Mwaloni wa benchi za kanisa uling'aa kama asali, milango ilifungika bila sauti, na kwenye pembe za juu alikuwa amechonga majani madogo, yale yale aliyoyachonga kwenye madhabahu. Mmoja wa wanaume wale aliweka kiganja chake kwenye jani na kusema, "Niliwahi kukaa kwenye benchi hii nikiwa mtoto, nikipigwa makofi na mama nisisinzie." Watu wakacheka.

Walipokwisha kulipandisha tangi, Orville aliomba pima maji. Akaiweka juu ya ukingo, akainama kutazama. Kiputo kilikuwa kimekimbilia upande mmoja, kimegandamana na mwisho wa kioo. Kila aliyesimama pale alikiona. Orville alikitazama, akatabasamu, akasema, "Sawasawa kabisa," na kurudisha kifaa mfukoni.

Mchungaji, aliyekuja na mkate wa kahawia, alianza kukata vipande. Lenore alifungua maji yarudi tangini.

Majira ya baridi yale Orville alihamisha kiti chake kutoka dirishani na kukiweka mbele ya tangi. Alimwonyesha kila aliyeingia jinsi milango inavyofungika. Alimsimulia mleta barua kuhusu mbao za benchi, na kesho yake akamsimulia tena, na kijana wa watu alisikiliza kama mara ya kwanza. Maneno yalikuwa yakimtoka moja moja, majina ya vitu yakipotea, lakini akikaa pale alitulia. Alimfuata Askofu kwa kidole. Alijifunza kulisha: alitia chembe za chakula ndani ya maji kwa mkono wake mkubwa na kungoja matumbawe yafunguke, na yalipofunguka alimwita Lenore aje aone, ijapokuwa alikuwa amesimama nyuma yake.

Wakati mwingine Lenore aliketi karibu naye wakitazama pamoja, na huo ulikuwa wakati mtamu. Lakini Lenore alikuwa akiisikiliza stendi. Mbao ililia hita ilipowaka, ikalia tena ilipozima. Chumvi nyeupe ilianza kujikusanya kwenye kiungo cha kioo juu ya kona ile ya nyuma, uzi mwembamba, ukirefuka. Januari Lenore alijaribu mara moja tena: alipata kipande cha mbao, akakichonga kikawa kabari, akakisukuma chini ya fremu ndani ya kabati mahali penye giza. Orville alikuwa na tabia ya kufungua milango kila asubuhi na kumulika kazi yake kwa tochi. Alikiona siku hiyo hiyo. Alikichomoa, akaenda nacho jikoni, uso mweupe.

"Kuna mtu anaingia humu ndani," alimwambia. "Anachezea kazi yangu. Wakati sisi tumelala."

Kwa siku nyingi baada ya hapo alizunguka nyumba akijaribu madirisha, na mara mbili Lenore alimkuta uani, amesimama kwenye theluji na soksi, akimngoja huyo mtu. Hakuweka kabari tena.

Stendi ilianguka mwezi wa tatu, mchana, Lenore akiwa ameenda duka la dawa kuchukua vidonge vya Orville. Jirani alikuwa ameahidi kumtazama na alikuwa amerudi kwake kidogo tu kuzima jiko. Lenore alipopanda ngazi za mbele aliona maji yametoka chini ya mlango na yameanza kuganda kwenye vidato. Alisimama pale na mfuko wa dawa mkononi. Alisema baadaye kwamba hakushangaa hata kidogo, na kwamba kutoshangaa kule ndiko kulikomtisha.

Ndani mwanga wa tangi ulikuwa umezimika, na kulikuwa na harufu ya pwani. Swichi ya Duane ilikuwa imekata umeme. Kona ya nyuma ilikuwa imeshuka, tangi limeteleza na kupasuka kwenye kiungo, kioo kimoja kikubwa kimelala sakafuni vipande vitatu. Mchanga ulikuwa umesambaa hadi kwenye zulia la ukumbini. Askofu alikuwa chini ya meza, bado anafungua na kufunga mdomo.

Orville alikuwa jikoni. Alikuwa amekusanya matumbawe yote aliyoweza kubeba, akayapanga kwenye sinki kwa uangalifu, makubwa chini na madogo juu, kisha akafungulia maji ya bomba, ya moto, kwa sababu alikumbuka kwamba yanapenda joto. Maji ya bomba yasiyo na chumvi yalikuwa yakiyamwagikia. Lile la kijani lilikuwa limekwisha kuwa jeupe, na utelezi wake ulikuwa ukielea juu kama povu. Kiganja cha kulia cha Orville kilikuwa kimechanika kutoka kidole gumba hadi kifundo, na damu ilikuwa ikichanganyika na maji.

"Nimeyaokoa," alimwambia. "Karibu yote."

"Ndiyo, umeyaokoa," alisema Lenore. Alimfunga mkono kwa taulo akakaza.

Aliponyanyua simu kuita gari la wagonjwa Orville alimponyoka, akarudi sebuleni. Alimkuta amepiga magoti kwenye maji mbele ya stendi, akitazama kona iliyoshuka. Aligusa skrubu mbili zilizokatika. Uso wake ulikuwa wa zamani, makini, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mtu wa gerejini wa Oktoba, haikukwama popote.

"Lenore, hii ulinunua wapi? Tazama huu mguu. Uko nje. Kona yote ilikuwa inaning'inia kwa skrubu mbili. Skrubu haibebi, inashika tu. Mtu aliyetengeneza hii hakuwa fundi." Alipapasa jani lililochongwa juu yake. "Kachonga vizuri lakini. Anapenda mapambo. Ila si fundi."

Lenore alipiga magoti kando yake. Maji yalikuwa baridi sasa.

"Niliinunua mahali," alisema.

"Walikuibia. Kwa nini hukuniambia mimi? Ningekutengenezea."

"Najua, Orville. Nilipaswa kukuambia."

"Ningekutengenezea," alirudia, akatikisa kichwa, akaendelea kuikemea kazi ya mtu yule mpaka wahudumu walipoingia na machela.

Kioo kilikuwa kimekata mishipa ya kano. Madaktari waliishona, lakini vidole viwili havikukunjika tena, na mkono ule haukushika kifaa chochote maisha yake yote yaliyobaki. Hospitalini alichanganyikiwa kuliko wakati wowote, akang'oa bandeji, akampiga muuguzi. Hakurudi nyumbani. Kutoka pale alipelekwa moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee wenye ugonjwa kama wake, upande wa pili wa mji, chumba chenye dirisha linaloangalia maegesho ya magari.

Kirsten alikuja kusaidia kusafisha. Walifanya kazi pamoja asubuhi nzima, wakichota mchanga kwa sepetu na kukunja zulia. Kirsten alipofika kwenye kona ile ya stendi aliinama, akaiangalia, akakumbuka.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Baba angeweza kufa. Kioo kile kingemwangukia shingoni."

"Ndiyo."

"Na bado ulimwacha akae mbele yake kila siku."

Lenore aliegemea mpini wa sepetu. Alikuwa na jibu. Alikuwa amelitayarisha tangu Novemba, kuhusu mluzi, kuhusu kiti kilichohamishwa, kuhusu mzee aliyemwita aje aone matumbawe yakifunguka. Lakini alimwona binti yake akiokota skrubu iliyokatika, na akaona kwamba jibu lile lilikuwa la kweli na halikutosha.

"Ndiyo," alisema tena. "Nilimwacha."

Kirsten alimaliza kukunja zulia, akalipeleka nje, akaondoka bila kula. Walizungumza tena wakati wa kiangazi, kuhusu karatasi za baba yake, na baadaye kuhusu mambo mengine, lakini kwa uangalifu, kama watu wanaotembea juu ya barafu wasiyoijua unene wake.

Orville alikufa kwa nimonia msimu wa baridi uliofuata. Kanisa lilijaa. Watu walisimama mmoja mmoja kutaja ngazi, milango, makabati ya jikoni. Duane alikaa nyuma kabisa. Baada ya kahawa alimfuata Lenore, akamwambia vile vipande vyake vya matumbawe vimekua, na kwamba anaweza kumletea na tangi dogo, la kuweka juu ya meza tu, halihitaji stendi.

"Wape watu wa chama," Lenore alimwambia. "Wagawane."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Duane. Asante kwa ile swichi."

Sebule aliiwekea sakafu mpya. Ukutani, pale tangi lilipokaa, hakuweka kitu. Watoto wa majirani walibisha mlango mara chache bado, theluji ilipoanza, wale ambao hawakuwa wameambiwa. Aliwafungulia, akawaambia bahari haipo tena, akawapa biskuti, akafunga.